Daftari la maji: jinsi Maloiy alivyoichunguza figo

Mgonjwa wa Bigo, mjini Bunia, akipewa kidonge cha Lasix kwa sababu miguu imevimba, haichukui muda mrefu kabla hajaanza kwenda haja ndogo mara kwa mara. Dawa hiyo haisukumi maji. Inaziba njia moja tu ndani ya figo, kwenye kitanzi cha Henle, ambako sodiamu, potasiamu na kloridi hupita kwa pamoja. Ayoni hizo zikikwama, sehemu ya ndani ya figo haikolei chumvi, na maji ambayo yangevutwa kurudi mwilini huishia kwenye mkojo.

Kuna wanyama ambao uhai wao wote umeegemea njia hiyo. Figo ya binadamu, hata ikijitahidi, hukoleza mkojo hadi miliosmoli 1,200 hivi kwa lita, juu kidogo ya maji ya bahari. Ngamia hufika karibu 3,200. Digidigi, swala mdogo wa vichaka vikavu, hupita 4,000. Matokeo ya digidigi yalichapishwa mwaka 1973 na G.M.O. Maloiy, mwanafiziolojia wa Kenya wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Aliyapataje?

Hakuanzia kwenye seli. Alimchukua mnyama mzima na kumfungulia daftari la maji. Upande mmoja huandikwa maji anayokunywa, yaliyomo kwenye chakula, na yale ambayo mwili wenyewe huyatengeneza unapounguza chakula hicho. Upande wa pili ni mkojo, kinyesi, na mvuke unaopotea kwa ngozi na pumzi. Mnyama hukaa katika chumba ambacho joto lake linadhibitiwa: kipindi kimoja nyuzi 22, kingine likipanda hadi 40 na kushuka tena, kama mchana na usiku wa nyika. Kisha maji hupunguzwa, na mizani huonyesha uzito ukishuka.

Ni kazi ya kuchosha, na mara nyingi ya kunuka. Faida yake ni kwamba daftari halimruhusu mtafiti kuipenda figo kupita kiasi. Kwa digidigi lilionyesha kwamba mkojo mkali ni sehemu tu ya hesabu, kwa kuwa kinyesi chake nacho hutoka kikavu sana. Kwa punda wa Kisomali, ambaye Maloiy aliandika habari zake mwaka 1970, figo haikaribii ya digidigi. Nguvu yake ni kuvumilia upungufu wa maji, halafu kuufidia kwa dakika chache akifika kisimani.

Daftari lina mpaka wake. Linaeleza figo imefanya nini, lakini haliwezi kusema ni mtambo upi uliofanya. Jibu hilo lilitoka kwingine: mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark alieleza kimeng'enya kinachotoa ayoni 3 za sodiamu nje ya seli na kuingiza 2 za potasiamu, kazi iliyompa Nobeli mwaka 1997. Bila pampu hiyo kitanzi cha Henle hakifanyi kitu. Kwa maoni ya safu hii, Maloiy hakuhitaji kumfuata Skou. Pampu hiyo imo katika seli za kila mnyama. Digidigi hayuko kila mahali.

  

Fumbo kubwa zaidi ambalo Maloiy alishiriki kulifumbua lilikuwa la ziwa Magadi, kusini magharibi mwa Nairobi, ambako tilapia mdogo huishi katika maji ya magadi yenye pH ya karibu 10. Tilapia wa ziwa Albert, wale wanaoletwa Bunia kutoka Tchomia na Kasenyi, hutoa amonia kupitia matamvua. Ikishatoka, amonia hunaswa na ayoni za hidrojeni majini, hivyo hairudi kwa urahisi. Magadi hakuna hidrojeni ya kutosha kuinasa. Samaki huyo angepaswa kufa kwa sumu yake mwenyewe.

Mwaka 1989 David Randall, Chris Wood, Maloiy na wenzao walitoa jibu katika jarida la Nature: samaki huyo hugeuza taka yake ya nitrojeni kuwa urea, ingawa kuitengeneza hugharimu nishati nyingi. Na urea hiyo hutoka mwilini hasa kupitia matamvua. Mwaka 2001 watafiti walieleza protini inayoipitisha hapo, na ikaonekana ni ya ukoo mmoja na zile zinazosafirisha urea ndani ya figo za mamalia.