Heko, Waigizaji wa Vitabu Teule

Jumatatu ni mazoezi jijini Nairobi. Jumanne alfajiri waigizaji wamebanana kwenye matatu, mabunda ya mavazi magotini: asubuhi Thika, alasiri Murang'a. Shuleni wanakoigiza hakuna jukwaa wala kipaza sauti, ila bwalo linalonukia maharagwe. Binti wa miaka ishirini na kitu anajipaka poda nyweleni, anakohoa, na papo hapo amekuwa Sara, mama mgonjwa wa tamthilia ya Bembea ya Maisha. Wanafunzi wanatulia kama maji ya mtungini. Ijumaa sauti imekauka, na malipo hayafikii kodi ya nyumba. Jumamosi wamerudi mazoezini. Hongereni! Kwenu tamthilia hutoka kitabuni ikapumua.