Njaa tunayoiita baa huwa na wenyewe

Iwapo afisa wa kaunti anayeshughulikia majanga angenitaka nimpendekezee kitabu kimoja tu, ningemtajia Poverty and Famines cha Amartya Sen, mwanauchumi mzawa wa India aliyetuzwa Nobel mwaka wa 1998. Kilichapishwa 1981 na hadi leo hakijachuja.

Hoja yake ni nyepesi kueleza ila nzito kumeza: watu hufa njaa hata chakula kikiwepo. Sen anachambua njaa ya Bengal ya 1943, ambayo anakadiria iliua watu wapatao milioni tatu. Anaonyesha kwamba chakula kilichokuwepo mwaka huo kilizidi kile cha 1941, mwaka ambao haukuwa wa njaa. Kilichobadilika ni bei. Matumizi ya vita yaliupandisha mchele, ilhali ujira wa vibarua na kipato cha wavuvi vilibaki nyuma. Wakazi wengi wa Calcutta waliuziwa chakula kwa bei nafuu. Wa vijijini je? Waliachwa wajifie.

Sasa tuje kwetu. Sisi husema 'baa la njaa'. Baa ni balaa, jambo linalomshukia mtu asijue limetoka wapi. Ukishaliita hivyo, hakuna wa kuulizwa: si aliyeficha magunia, si aliyepuuza ripoti za ukame. Kadhalika, wanahabari hulibandika neno hili kwenye kila uhaba wa chakula, ilhali wataalamu wana vigezo vikali vya kutangaza hali hiyo, kama Umoja wa Mataifa ulivyofanya kuhusu Somalia Julai 2011. Tukilitumia ovyo leo, kesho baa lenyewe likibisha hodi tutaliita nani?

Dhana kuu ya Sen nayo yahitaji mfasiri makini. Mfasiri wa haraka angeiita 'haki'. La hasha! Sen hazungumzii anachostahili mtu kimaadili, bali kile anachoweza kujipatia kisheria kwa jasho lake, mali yake au msaada wa serikali. Mimi ningependelea 'uwezo wa kujipatia chakula'. Ni maneno mengi, sawa, lakini hayapotoshi.

Mfugaji wa Marsabit au Turkana anaielewa dhana hii bila kusomewa. Kati ya 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Ng'ombe alikonda, bei yake ikaporomoka, unga nao ukapanda. Sen alieleza mkasa uo huo kuhusu wafugaji wa Ethiopia wa miaka ya 1970.

Hata hivyo, kitabu kina pengo. Kinamtazama mwenye njaa zaidi kama mnunuzi sokoni. Alex de Waal, katika Famine that Kills (1989), anaonyesha kuwa Darfur mnamo 1984 na 1985 watu walivumilia njaa kwa hiari ili waokoe mifugo na mbegu, na kwamba wengi waliuawa na maradhi. Afisa anayepeleka mahindi pekee, bila maji safi wala chanjo, amesoma nusu ya somo.

Basi visomwe vyote viwili, tena kabla mvua hazijakatika. Ripoti ijayo ya ukame nayo iandikwe kwa Kiswahili kinachotaja mtendaji: nani alijua, alijua lini, akafanya nini.