Wino Huu Wafaa Kazi Gani?

Watu wengi huchagua wino kwa kutazama rangi ndani ya chupa. Lakini chupa haiandikwi. Wino hupimwa juu ya karatasi, na karatasi si za namna moja. Basi tuupime mmoja unaojulikana sana: Pelikan 4001 wa buluu, uitwao Königsblau, wa kampuni iliyoanzia Hannover, Ujerumani, mwaka 1838.

Kwanza, karatasi ya gazeti. Watengenezaji wa karatasi za kuandikia hutia namna ya gundi ili zisinywe maji upesi. Ya gazeti ina gundi kidogo mno au haina kabisa. Yanywa wino kama mchanga unywavyo mvua. Kila herufi yatoa mizizi pande zote, na upande wa pili haufai tena. Hapo tusiulaumu wino.

Pili, karatasi ya mashine, ya gramu 80 kwa meta ya mraba. Hapa wino huu wastahili sifa. Hautoki kwa wingi katika kalamu. Kwa hiyo, ncha ikiwa nyembamba, mstari hukaa mahali pake. Ncha ikiwa pana, huanza kutambaa kidogo.

Tatu, daftari laini la gramu 90, kama yale ya Clairefontaine ya Ufaransa. Mstari ni safi, hapa mwepesi, pale mzito, wapendeza macho. Lakini wakauka polepole. Mwenye haraka, na mwenye kuandika kwa mkono wa kushoto, wawe na karatasi ya kukaushia.

Je, ni wino bora? Kwa mwanafunzi, ndiyo. Ukidondoka juu ya shati, huoshwa. Neno likikosewa, hufutwa kwa kalamu yenye dawa ya kufutia. Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Kinachofutika kwa mtoto chafutika pia kwa mdanganyifu, kwa mvua ipitayo katika bati bovu, na kwa jua la dirishani. Karatasi, hata ya bei kali, haiwezi kuuponya udhaifu huo.

Kwa hiyo kitabu cha ubatizo, cha ndoa, au hati ya shamba visiandikwe kwa wino huu. Yafaa wino wenye chuma, wa buluu-nyeusi: huo hugeuka mweusi kwa hewa, hushika ndani ya karatasi, wala maji hayauondoi kwa urahisi. Una asidi, kwa hiyo kalamu yataka kuoshwa mara kwa mara. Ni kazi ndogo.

Barua kwa rafiki, andika kwa buluu hii, nayo itampendeza. Lakini mtu atakayekuja baada ya miaka 40 kutafuta jina lake na la wazazi wake, asikute ukurasa mweupe.