Kikulacho Ki Nguoni

Ukifika kituo cha afya Gitega au Muyinga kichwa kinagonga na mwili unachemka, jina la kwanza utakalosikia ni malaria. Haishangazi. Mwaka 2000 na 2001 malaria ilipanda milima ya Burundi na kuwalaza watu zaidi ya milioni 2. Hata hivyo homa ni hodi tu. Aliyebisha hajulikani mpaka mlango ufunguliwe. Namsifu anayeufungua: mpimaji.

Mtazame. Anachoma ncha ya kidole, anaweka tone nene na kupaka doa jembamba. Doa jembamba analiimarisha kwa methanoli. Tone nene analiacha likauke hivyo hivyo, ili rangi ya Giemsa na maji yake vipasue chembe nyekundu, vimelea vibaki peupe. Kisha tone la mafuta, lenzi ya 100 ya hadubini, na subira. Kipete chenye nukta nyekundu ni malaria. Akiona uzi uliojikunja kama uliofumuliwa kwenye sweta, hiyo ni homa ya papasi, ileile iliyomuua daktari Joseph Dutton akiichunguza Kasongo, Kongo, mwaka 1905. Aliyetumwa kutafuta vipete peke yake angeupita uzi huo bila kuuona.

Iko pia homa isiyoonekana kiooni. Mwishoni mwa 1995, vita vikiendelea, ugonjwa ulizuka gereza la Ngozi, Burundi. Watu wakauita sutama. Ulipofika kambi za waliokimbia makwao uliwapata makumi ya maelfu. Ilikuwa tifasi ya chawa, ambayo vidudu vyake hujificha katika kuta za mishipa ya damu. Maabara ya Marseille, Ufaransa, iliithibitisha kwa kupima damu ya wagonjwa na chawa waliotolewa kwenye nguo zao. Dawa yake ilikuwa doksisaiklini, miligramu 200, mara moja tu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, nasi huitumia methali hiyo kumsema rafiki msaliti. Tabibu na aichukue neno kwa neno. Kipimo cha haraka kikikataa malaria, asiandike dawa ya malaria kwa mazoea. Amuulize mgonjwa amelala wapi, sakafu ya udongo anamojificha papasi au ya saruji, amebanana na nani. Kisha aligeuze shati lake, taratibu, kwa heshima, asome mshono.