Uvimbe, Mchochota na Saratani: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Afya

Miongoni mwa kazi zilizofika mezani petu hivi karibuni ni tafsiri ya kijarida cha afya kinachoeleza jinsi kampaundi zitokanazo na mimea huenda zikabadili shughuli za seli ndani ya uvimbe wa saratani na kandokando yake. Kijarida hicho kimekusudiwa wagonjwa na jamaa zao, yaani watu wanaosoma kwa hofu, wakitafuta neno la kushikilia. Tumeona yafaa kuihakiki tafsiri hiyo bila ya kumtaja mfasiri wala ofisi iliyoiagiza, kwani makosa yaliyomo si yake peke yake. Ni makosa yetu sote tunaoshughulika na istilahi.

Kwanza haki itendeke. Sarufi ya mfasiri ni safi na mtiririko wake hauchoshi. Amelishika neno "seli" toka mwanzo hadi mwisho, bila ya kulichanganya na "chembe". Ametumia "saratani", neno ambalo katika Kiarabu ni jina la kaa, yule mnyama wa pwani, nalo limekwisha kukubalika katika hospitali na shule zetu. Lakini uzuri wa lugha haukuweza kuficha kasoro nne, ambazo tunazijadili hapa moja moja.

Kasoro ya kwanza, nayo ndiyo nzito kuliko zote, imo katika neno "uvimbe". Asili ya kijarida yasema kwamba kurkumini, kampaundi inayoyapa manjano rangi yake, ilionekana kupunguza mchochota katika majaribio ya maabara. Mfasiri ameandika kwamba manjano huondoa uvimbe. Katika ukurasa unaofuata, neno hilo hilo "uvimbe" limetumika kwa maana ya donge la saratani. Msomaji aelewe nini? Ataunganisha kurasa mbili hizo, naye atakuwa ameunganisha kwa haki kabisa, na kuhitimisha kuwa manjano huyeyusha saratani. Jambo hilo halikusemwa na mwandishi wa asili. Tena kurkumini hufyonzwa kwa shida sana tumboni, na ile kidogo ifyonzwayo mwili huibadili upesi. Kwa hiyo kinachoonekana katika chupa ya maabara hakihamii moja kwa moja katika mwili wa mtu.

Utata huu haukuanza na Kiswahili. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja dalili nne za mchochota: wekundu, kufura, joto na maumivu. Neno la Kilatini alilotumia kwa kufura ni tumor, ambalo baadaye lugha nyingi za Ulaya zililitenga kwa ajili ya donge. Wenzetu walihitaji muda mrefu kutenganisha maana hizo mbili. Sisi hatuna sababu ya kungoja. Tunapendekeza "uvimbe" libaki kuwa la donge, kwa kuwa ndivyo wauguzi na wananchi walivyokwisha kulizoea. Hali ya mwili kuwaka na kuuma iitwe "mchochota", neno ambalo tunalo tayari. Na kule kunenepa kwa kiungo kuitwe "kufura". Aidha, si kila uvimbe ni saratani, kama wajuavyo wanawake wengi walioambiwa wana uvimbe katika kizazi. Basi palipo na saratani, na iandikwe kwa ukamilifu: "uvimbe wa saratani".

Kasoro ya pili inahusu umetaboli. Mfasiri amekwepa neno hilo, pengine kwa kuliona geni, akaandika "mmeng'enyo wa chakula wa seli". Mmeng'enyo ni kazi ya tumbo na utumbo. Umetaboli ni jumla ya mabadiliko ya kikemia yanayoipatia seli nishati na kuijenga. Katika miaka ya 1920, mtaalamu wa Ujerumani Otto Warburg alionyesha kwamba seli za uvimbe wa saratani hutumia glukosi kwa wingi na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale oksijeni ipatikanapo. Asidi hiyo hutoka nje ya seli, ikabadili mazingira ya jirani na kuzidhoofisha seli za kinga zilizo karibu. Hiyo ndiyo maana ya maneno "na kandokando yake" katika kichwa cha kijarida, na ndiyo sababu watafiti huzijaribu kampaundi kama kwersetini, iliyomo katika vitunguu, ambayo katika maabara hupunguza uingiaji wa glukosi katika seli. Mtu akiambiwa "mmeng'enyo", hawezi kuyaona haya yote. Atadhani anashauriwa juu ya tumbo lake, na huenda akajinyima chakula wakati mwili wake unakihitaji zaidi.

Kasoro ya tatu ni kuiita kila kampaundi "dawa ya mitishamba". Vinkristini hupatikana katika ua la Madagaska, nayo imo katika matibabu ya limfoma ya Burkitt, ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958. Hata hivyo, vinkristini huzuia seli kugawanyika, na kazi yake hiyo si ya umetaboli. Hudungwa mshipani kwa kipimo maalumu, na ikidungwa kimakosa katika uti wa mgongo huua. Kampaundi iliyotengwa, ikasafishwa na kupimwa si kikombe cha majani yaliyochemshwa, na istilahi isiyotofautisha viwili hivi yaweza kumdhuru mtu.

Kasoro ya nne ni ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa matokeo. Kitenzi "kuweza" katika lugha yetu hudokeza kwanza uwezo: awezaye kubeba gunia ana nguvu za kulibeba. Tukiandika kwamba kampaundi fulani "huweza kuua seli za saratani", msomaji husikia kuwa uwezo huo umethibitika, tena ni wa kawaida, kwa kuwa hu- ni kiambishi cha mazoea. Asili ilitaja jambo linalodhaniwa tu. Kwa dhana tunayo "huenda", "yamkini" na "pengine". Na kwa jambo lililoonekana mara moja mahali fulani twaweza kusema "ilionekana katika maabara" au "ilionekana kwa panya". Mfano wa metformini unatufundisha. Dawa hii ya kisukari ina asili yake katika galegini ya mmea Galega officinalis, nayo hubadili umetaboli wa seli. Kwa kuwa ilitia matumaini maabarani, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya matiti zaidi ya 3,600 wasio na kisukari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuonyesha faida iliyotarajiwa dhidi ya kurudi kwa ugonjwa. Aliyeandika "huenda" kabla ya mwaka huo hana la kusahihisha leo. Aliyeandika "huweza" anadaiwa.

Yawezekana tukaambiwa kwamba mwananchi hataelewa "umetaboli" wala "mchochota". Tunajibu kwamba neno geni likifafanuliwa mara moja hujifunzwa, lakini neno lililozoeleka likipewa maana isiyo yake hupotosha bila ya mtu kutambua. Mwenye donge akisoma kuwa manjano huondoa uvimbe, huenda akaahirisha kwenda hospitali, na katika saratani miezi ina thamani kubwa. Kwa hiyo tunawaomba wafasiri waeleze istilahi mpya palepale inapojitokeza mara ya kwanza, walimu wazitumie darasani, na maofisa wanaoagiza tafsiri za afya wazipitishe kwa tabibu na kwa mtu wa lugha kabla ya kupigwa chapa. Wenye maneno bora kuliko haya tuliyopendekeza na watuletee, nasi tutayapima.