Mkate wa Soda wa Ayalandi: Kwa Nini Hausubiri

Mkate wa soda wa Ayalandi una vitu 4 tu: unga wa ngano, soda ya mikate, chumvi na mtindi. Hauna hamira, sukari wala mafuta, na tangu unga uingie bakulini hadi mkate utoke motoni haipiti hata saa moja na nusu. Kwa uchache huo wengi huuchukulia kuwa mkate wa kubahatisha, ambao mtu anaweza kuukoroga apendavyo. Mimi naona ni miongoni mwa mikate yenye masharti makali, na karibu masharti yake yote yanatokana na jambo moja: hewa inayouinua huzaliwa papo hapo na haimngoji mwokaji.

Tuanzie shambani. Ayalandi ni nchi ya mvua na ubaridi, na ngano iliyozoea kukomaa huko ni laini, yenye protini ya asilimia 8 hadi 10 hivi. Protini hiyo ndiyo inayofanya gluteni, ule utando unaovutika ambao katika mkate wa hamira hunasa hewa kwa saa kadhaa mpaka donge liumuke. Unga wa mikate ya hamira kwa kawaida una protini ya asilimia 12 au zaidi. Ngano laini ikitiwa hamira huumuka kwa shida, kisha hunywea. Kwa vizazi vingi, basi, nyumba za vijijini Ayalandi zilitegemea viazi, uji wa shayiri na mikate bapa ya shayiri.

Soda ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hataza ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida, na katika karne ya 19 bidhaa za soda zikawa za kiwandani, za bei ambayo mwanakijiji aliimudu. Novemba 1836 jarida la Farmer's Magazine la London lilichapisha maelekezo ya mkate wa soda yaliyotoka katika gazeti la Newry Telegraph, la kaskazini mwa Ayalandi. Aliyeyaandika aliusifu mkate huo kwa kuutia mwili nguvu na kusaidia tumbo kusaga chakula. Mkate huu unaodhaniwa kuwa wa kale sana kumbe una umri usiozidi karne 2 kwa mengi.

Asidi ya kuiamsha soda ilikuwa tayari ndani ya nyumba. Penye ng'ombe palisukwa siagi, na siagi ilikuwa fedha. Tangu karne ya 18 soko la Cork lilikuwa likiisafirisha kwa mapipa hadi ng'ambo ya Atlantiki. Mtindi uliobaki baada ya kusuka haukuvumilia safari. Ulinywewa nyumbani au wakapewa nguruwe, na soda ilipofika, ukaingia kwenye unga.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Vipimo vya kawaida kwa mkate mmoja ni unga gramu 450, chumvi kijiko kimoja cha chai, soda kijiko kimoja cha chai kilicho bapa, na mtindi mililita 350 hadi 400. Neno la kulishika hapo ni bapa. Soda, yaani bikaboneti ya sodiamu, ni alkali. Mtindi una asidi ya laktiki. Vikikutana kwenye majimaji hutoa hewa ukaa. Tufanye hesabu, maana jikoni haifanywi mara nyingi. Kijiko bapa hubeba soda ya gramu 5 hivi. Ili soda hiyo itumike yote, inahitaji asidi ya laktiki ipatayo gramu 5.4. Mtindi wa mililita 400, wenye asidi ya asilimia 0.8 au 0.9, unayo gramu 3.4 hivi. Kwa hiyo ni gramu 3 na kidogo tu za soda zitakazokutana na asidi hiyo, nazo zitatoa hewa inayokaribia lita moja kwa joto la chumbani. Hewa hiyo inatosha kuuinua mkate, hata kama sehemu yake kubwa itatoroka.

Soda inayobaki hukutana kwanza na asidi nyingine ndogo ndogo zilizomo kwenye unga na mtindi. Ile isiyopata chochote huvunjwa na joto la oveni, ikatoa hewa kidogo zaidi na kuacha nyuma kaboneti ya sodiamu, alkali iliyo kali kuliko soda yenyewe. Ikiwa kidogo, ina manufaa: huharakisha gamba kugeuka hudhurungi, na huchangia ile ladha ambayo mpenzi wa mkate huu huitambua bila kuambiwa. Ikizidi, mkate hugeuka manjano ndani na kuacha ulimini ladha ya sabuni. Hesabu inatuonyesha kwamba kijiko bapa chenyewe kimeshafika ukingoni. Anayejaza kijiko mpaka kifurike kwa kutumaini mkate utainuka zaidi anaongeza sabuni tu, kwa kuwa asidi ya kuizalisha hewa hiyo ya ziada haipo.

Kwa sababu hiyohiyo soda huchekechwa pamoja na unga, tena ikiwezekana baada ya kupondwa kwa kidole kiganjani. Punje moja isiyovunjika huwa kidoa cha kahawia ndani ya mkate, na anayekitafuna hukikumbuka.

Msomaji wa Afrika Mashariki anastahili tahadhari moja hapa. Magadi ya kulainishia maharage na makande, kama yale yatokayo Ziwa Magadi nchini Kenya, hayafai kushika nafasi ya soda ya mikate. Magadi hayo ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, na hiyo kaboneti ndiyo tuliyotoka kuikwepa. Kwa uzito uleule hula asidi nyingi zaidi na kutoa hewa pungufu. Upande wa mtindi tuna nafuu kubwa: maziwa ya mgando au maziwa lala yaliyochacha vizuri yanafanya kazi ileile, na yakiwa mazito mno huongezwa maji kidogo. Maziwa mabichi yaliyokamuliwa limau hutoa hewa pia, ila hayana uzito wa mtindi, na mkate wake huwa na ladha nyepesi. Unga uliokwisha kutiwa bekingi pauda kiwandani tuuache, kwa kuwa una soda na asidi yake humohumo, na hesabu yote hapo juu inavurugika.

Mtindi ukishagusa unga, saa imeanza kuhesabu. Oveni iwe imeshapata moto kabla ya hapo. Darina Allen, aliyefungua shule ya upishi ya Ballymaloe huko Shanagarry, kaunti ya Cork, mwaka 1983, hufundisha kumimina karibu mtindi wote kwa mara moja, kisha kuchanganya kwa mkono mmoja, vidole vimepanuliwa na kukakamazwa, ukizunguka kutoka katikati ya bakuli kwenda ukingoni. Vidole vilivyokaa hivyo hukusanya unga bila kuukanda. Tofauti hiyo ndiyo kazi yote ya mkono. Kukanda hunyoosha gluteni na kuikaza, na hapa hatuitaki gluteni kali, kwa sababu utando wetu hauna saa nyingi za kushikilia hewa. Unahitaji kustahimili dakika chache tu, mpaka joto ligandishe wanga na protini na kuufanya mkate usimame wenyewe. Ule unyonge wa ngano ya Ayalandi, uliokuwa balaa kwa hamira, unageuka kuwa sifa. Mwenye unga mkali wa mikate atapata mkate mgumu wa kutafuna hata akifuata kila kipimo.

Donge linalofaa ni laini na lenye unyevunyevu, linalokaribia kunata. Likitoka kavu na safi kama la chapati, mtindi haukutosha. Hugeuzwa mara moja au mbili juu ya unga uliotandazwa, likaviringwa na kubanwa hadi unene wa sentimita 4 hivi.

Kisha huja msalaba, unaochanjwa kwa kisu kutoka ukingo hadi ukingo, tena kwa kina. Waayalandi wana simulizi zake: kwamba ni baraka, kwamba humfukuza shetani, kwamba huwapa majini wa humo njia ya kutokea. Nazipenda simulizi hizo na sioni haja ya kuzitupa. Ila jikoni kisu kina kazi inayoonekana. Gamba huwahi kukauka kuliko katikati, na katikati ndipo pazito. Mkato wa kina huruhusu joto lifike huko, na huuonyesha mkate mahali pa kupanukia ili usipasuke ubavuni. Mkwaruzo wa juujuu haufanyi lolote kati ya hayo.

Moto huanza juu, nyuzijoto 230 za Selsiasi kwa dakika 15, kisha hushushwa hadi 200 kwa dakika 30 hivi. Ule mwanzo mkali ndio unaoidaka hewa ikiwa bado imo ndani na kuipanua pamoja na mvuke. Mkate huhesabiwa umeiva ukigongwa chini kwa kifundo cha kidole ukatoa sauti ya uwazi.

Nyumba nyingi za zamani hazikuwa na oveni. Kusini na magharibi walitumia bastible, sufuria nzito ya chuma cha kusubu yenye miguu mifupi 3 na mfuniko, iliyowekwa juu ya moto wa mboji iliyokatwa kinamasini na kukaushwa. Makaa yalipaliwa juu ya mfuniko pia, kama wapishi wa pwani yetu wanavyopalia mkate wa kumimina. Moto wa juu na chini, na mvuke uliofungiwa: gamba lilichelewa kukauka, na mkate ukapata muda wa kuinuka. Mwenye sufuria nzito yenye mfuniko anaweza kuoka hivyo hata leo, na kwa maoni yangu hupata mkate bora kuliko wa trei.

Kuhusu zabibu kavu, Waayalandi wenyewe huzitia wanapotaka kitu cha sherehe. Toleo la Marekani lenye mayai, siagi, sukari na mbegu za karawei ni keki nzuri. Ila siagi na mayai hulainisha donge kwa njia nyingine kabisa, na aliyeoka hivyo bado hajaonja mkate tunaouzungumzia. Huu hauna mafuta wala sukari ya kuuhifadhi, ndiyo maana hukauka upesi. Uliwe siku hiyohiyo. Kesho yake ukaushwe motoni na kupakwa siagi.

Kaskazini, katika Ulster, donge lilelile huokwa bila oveni kabisa. Hubanwa kuwa duara la unene wa sentimita moja na nusu hivi, likakatwa robo 4, na robo hizo hupangwa juu ya bamba la chuma lililopashwa moto wa wastani. Kikaango cha chapati kinatosha. Unga kidogo ukinyunyizwa juu yake ugeuke rangi polepole. Ukiungua mara moja, moto ni mkali mno, na nje itaiva ndani ikiwa mbichi. Kila upande hukaa dakika 6 hadi 8. Mwishoni robo husimamishwa kwa ubavu, zikiegemeana, ili na zile kingo zilizokatwa zigusane na chuma zikauke. Wanaoharakisha huiruka hatua hiyo, na kingo hubaki na unyevu wa unga mbichi.