Pengo na Taharuki katika Riwaya ya Mfululizo: Mfano wa Sword Art Online

Riwaya ya mfululizo imezoeleka kuhakikiwa kama sanaa ya taharuki tu: mwandishi hukata kisa pale kinapokolea, naye msomaji hubaki akingojea sehemu ifuatayo. Mbinu hiyo ni kongwe. Ndiyo iliyomwokoa msimulizi wa Alfu Lela Ulela. Makala haya yanadai kwamba riwaya nyepesi za Kijapani zilizochipuka mtandaoni zina funzo jingine kwa mwandishi wa mfululizo, nalo ni matumizi ya pengo. Mfano wetu ni Sword Art Online ya Reki Kawahara.

Historia ya kazi hii inaeleza umbo lake. Kawahara aliiandika kwa nia ya kushiriki shindano la Dengeki, lakini ikazidi idadi ya kurasa zilizoruhusiwa. Mnamo 2002 akaanza kuitoa mtandaoni. Ilichapishwa kitabuni mwaka wa 2009, baada ya mwandishi kushinda tuzo hiyo hiyo kwa kazi nyingine. Basi riwaya hii ni zao la nguvu mbili zinazovutana: shindano linadai kisa kilichokamilika, ilhali mtandao hauna ukomo wa kurasa.

Wachezaji elfu kumi wamenaswa katika mchezo wa kompyuta wenye ghorofa 100, na afaye mchezoni hufa kwelikweli. Juzuu ya kwanza inasimulia siku ya kunaswa kwao, kisha inaruka takriban miaka miwili hadi ghorofa ya 74, na kukamilisha kisa katika ghorofa ya 75. Juzuu ya pili hairefushi mwisho huo. Inarudi nyuma kulijaza pengo kwa visa vinne vifupi.

Je, taharuki itatoka wapi ikiwa msomaji anajua kwamba Kirito, mhusika mkuu, ataishi? Jibu limo katika kisa cha Sachi. Kirito anahatarisha uhai wake kutafuta kifaa cha kumfufua msichana huyo, na anapokipata anagundua kwamba hufaa kwa sekunde chache tu baada ya kifo. Swali la msomaji si tena iwapo Kirito atapona, bali kupona kwake kumemgharimu nini. Upweke wake katika juzuu ya kwanza, ambao ungeweza kudhaniwa kuwa ni ushujaa tu, sasa unasomeka kama msiba. Pengo limeibadilisha maana ya kile kilichokwisha kusomwa.

Hata hivyo, si kila pengo linajazwa kwa ufanisi. Silica anaokolewa na Kirito, Lisbeth anampenda. Visa vyao vinaongeza idadi ya wanaomhusudu shujaa pasipo kuongeza lolote katika ufahamu wetu juu yake. Hapa ndipo fomula ya riwaya pendwa inapomshinda mwandishi: pengo linakuwa nafasi ya kurudia, si ya kufichua.

Mwandishi wa Kiswahili anayetoa hadithi yake sehemu kwa sehemu hana haja ya kuiga mapanga na ghorofa hizo. Anachoweza kujifunza ni kuujua mwisho wake mapema, kuacha kwa makusudi yale yasiyosimuliwa, na kuyarudia pale tu yatakapomlazimu msomaji kuisoma upya sehemu iliyotangulia. Urefu usiotimiza sharti hilo ni ukawizaji tu, hata kama wasomaji wanaendelea kungoja.